Chai ya usiku wa manane: somo la Ekerenyo kwetu sisi wa pwani

Tangu mpox iingie nchini, mitaani kwetu Mombasa nayasikia maneno yale yale tuliyoyasikia mwaka 2020. Ni ugonjwa wa madereva wa malori. Ni maradhi ya watu fulani, sisi hayatuhusu. Dawa yake ni majani haya, chemsha unywe. Usende hospitali, watakufungia.

Maneno haya yamenirudisha kwenye kisa cha chai, kile kilichowaamsha watu usiku wa manane huko bara korona ilipoanza. Wengi wetu tulikicheka. Mimi naona kisa kile chastahili kuelezwa vizuri, kwani ukikifahamu utafahamu pia kwa nini sisi wenyewe tulifanya tuliyoyafanya, na kwa nini leo tuko mbioni kuyarudia.

Kwa wasioijua, Ekerenyo ni mji mdogo wa soko katika kaunti ya Nyamira, makao makuu ya kaunti ndogo ya Nyamira Kaskazini. Ni nchi ya vilima na mvua, watu wengi kwenye mashamba madogo, na riziki yao ni majani chai na ndizi. Sisi wa pwani tusidhani ni mbali. Ndizi za Kisii na Nyamira tunazinunua Kongowea. Vinyago vya mawe vilivyokuwa vikiuzwa kwa watalii ufuoni vyatoka Tabaka, Kisii. Na vijana wao wako nasi hapa, wengine ni majirani zetu.

Mmoja wa majirani hao, mzaliwa wa Ekerenyo anayeuza ndizi, ndiye aliyenisimulia. Mamake alimpigia simu saa nane za usiku. Akamwambia aamke, awashe jiko, achemshe majani chai makali bila maziwa wala sukari, anywe kabla hapajapambazuka. Kisa na maana? Eti kuna mtoto aliyezaliwa, akasema papo hapo kwamba hiyo ndiyo dawa ya korona, kisha akafa. Nilimuuliza, "Ukaamini?" Akanijibu, "Ndugu yangu, mama amekesha anipigie mimi. Ningeanzaje kumkatalia?" Akaamka, akachemsha, akanywa.

Uvumi huo haukuwa wa Ekerenyo peke yake. Ulienea sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, na kila ulipofika mtoto yule alikuwa kazaliwa pahali pengine.

Hali ilivyokuwa

Tukumbushane. Shirika la Afya Duniani lilitangaza korona kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Siku mbili baadaye, Ijumaa ya tarehe 13, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kisa cha kwanza Kenya, cha msafiri aliyerudi kutoka Marekani kupitia London. Tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Kabla mwezi haujesha, misikiti na makanisa yalikuwa yamefungwa, ndege za abiria za kimataifa zimesimamishwa, na kafyu imeanza usiku wa tarehe 27. Siku hiyo ya kwanza ya kafyu, wenzetu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni warudi makwao walikutana na virungu na vitoa machozi.

Sasa angalia amri zenyewe. Usisalimiane kwa mkono. Usikusanyike. Usende shule. Usende kuswali. Usisafiri. Karibu zote zilikuwa za kukataza. Yale machache ya kutenda, kunawa kila mara na kutumia sanitaiza, yalitaka maji ya bomba na pesa. Mama wa kijijini anayeteka maji kisimani na kuyabeba kichwani hakuwa na maji ya kumwaga kila saa, na chupa ndogo ya sanitaiza ilikuwa bei ya chakula cha siku.

Chai ilikuja kujaza pengo hilo. Majani yako jikoni, moto upo, kila mtu aweza. Tena mama wa Ekerenyo aliweza kumpa dawa hiyo mwanawe aliye Mombasa kwa simu tu. Huyo mama hakuwa mjinga. Alitaka kumkinga mwanawe, na hilo ndilo lililokuwa karibu na mkono wake.

Uvumi unavyofanya kazi

Ukiuchambua uvumi ule utaona mambo matatu, na utayakuta karibu katika kila uvumi wa maradhi.

La kwanza ni mjumbe. Habari haikuletwa na mtu asiyejulikana. Ililetwa na mama, shangazi, jirani. Kuipinga ilikuwa kama kumvunjia heshima aliyeileta.

La pili ni muda. "Kabla hapajapambazuka." Usiku huo hakuna ofisi iliyo wazi, hakuna daktari wa kumuuliza. Ukingoja asubuhi ujue ukweli, dawa imekupita. Haraka hiyo ndiyo inayomzuia mtu kuuliza.

La tatu ni bei. Kukosea hakugharimu kitu. Chai ikiwa si dawa, umekunywa chai tu. Ikiwa ni dawa na hukunywa, umekwisha. Mtu yeyote akipiga hesabu hiyo saa nane za usiku atachemsha maji.

Kwa kweli chai si dawa ya korona. Kirusi kile huingia kwa pumzi, kupitia pua, mdomo na macho, kikajishikiza kwenye chembe za mwili za njia ya hewa na kuzaana humo. Unachokunywa chaenda tumboni. Kinywaji cha moto humpa nafuu mwenye koo linalowasha, lakini hakimfikii kirusi aliyekwisha kuingia ndani ya chembe. Kinachotudanganya ni kwamba wengi wa waliougua korona walipona bila dawa maalumu. Kwa hivyo chochote alichokunywa mgonjwa siku zile kilipata sifa.

Na sisi je?

Tulipowacheka wa Nyamira, sisi jikoni kwetu mlikuwa na nini? Tangawizi, malimao, vitunguu thaumu, habbat soda, muarobaini. Tulijifukiza chini ya shuka mpaka macho yakawa mekundu. Jirani zetu Tanzania walihimizwa kujifukiza na viongozi wao wakuu. Mwezi Aprili rais wa Madagascar alizindua kinywaji cha miti shamba, na Tanzania ikatuma ndege ikakichukua. Tofauti ya marais hawa na mama wa Ekerenyo ni usafiri tu, mmoja ametumia ndege na mwengine simu.

Sisemi tangawizi ni mbaya, nami naipenda kwenye chai yangu. Nasema aliyejitia moyo kwamba amekwisha kujikinga kwa tangawizi ndiye aliyekwenda matangani bila barakoa.

Jengine tulilofanya ni kusema ugonjwa ni wa wengine. Kwa kuwa wa kwanza kupatikana walikuwa wasafiri wa ndege, tukasema ni maradhi ya matajiri na Wazungu. Kumbe ndege ndiyo njia ya kasi tu. Kirusi kikishateremka uwanjani hupanda matatu na feri kama sisi.

Kisha hofu ikageukia wanaorudi nyumbani. Tarehe 6 Aprili serikali ilitangaza kufunga njia za kuingia na kutoka eneo la Nairobi, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa. Jirani yangu aliniambia kuwa huko kwao, kijana aliyetoka Mombasa alitazamwa kama aliyebeba mauti mfukoni. Mwezi huo huo, mtu aliyekuwa ametoka Mombasa akafia kwao Siaya alizikwa usiku kwa haraka na maafisa waliovaa nguo za kujikinga. Picha zake zilienea nchi nzima. Kwa Mluo, kwa Mkisii, na kwetu Waislamu, kumzika maiti bila heshima yake ni jambo zito. Baada ya picha zile, watu wengi waliogopa mazishi kuliko ugonjwa wenyewe.

Hofu ile ilikuwa na msingi wake. Korona hukaa mwilini hata siku 14 kabla ya dalili, na mtu huweza kumwambukiza mwenzake akiwa bado mzima. Kwa hivyo kujitenga kwa aliyetoka safari kulikuwa ni haki. Sisi Waislamu tumefundishwa tangu utotoni ile hadithi ya Mtume (SAW) juu ya tauni: isiingiwe nchi iliyo nayo, wala aliye ndani asiikimbie. Lakini kujitenga ni kitu kimoja, na kumtenga mtu kwa kumuaibisha ni kitu chengine. Anayeaibishwa hujificha, na anayejificha huambukiza.

Mfano tunao hapa hapa. Mwezi Mei 2020, ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Kabla ya hapo watu wengi walikataa kupimwa, na tukaitwa wakaidi. Lakini mwanzoni aliyepelekwa karantini alitakiwa ajilipie mwenyewe. Mchukuzi anayeishi kwa kipato cha siku, akipimwa akapatikana, anapoteza kazi, anadaiwa bili, na jina lake linatembea mtaa mzima. Asipopimwa, huenda akapona bila mtu kujua. Huo haukuwa ukaidi. Mtu alipiga hesabu zake, kama mama wa Ekerenyo alivyopiga zake.

Tulichukue lipi

Mpox ilithibitishwa Kenya mwisho wa Julai 2024, katika mpaka wa Taveta, na tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura. Tangu hapo Mombasa imekuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi. Kirusi chake si kipya duniani, kilijulikana kwa binadamu Kongo tangu 1970, lakini kwetu ni kigeni. Hakifanani na korona. Huambukiza zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kulala kitanda kimoja, na kutumia shuka, taulo au nguo za mgonjwa. Dalili zake ni homa, kuvimba tezi, na vipele vinavyojaa usaha kisha kukauka. Wengi hupona baada ya majuma mawili hadi manne. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, waja wazito na wenye upungufu wa kinga.

Kwa wakubwa wetu wa afya na wa dini, ombi langu ni hili. Mnapotukataza jambo, tupeni na la kutenda ambalo maskini aliweza. Mtumeni mtu tunayemjua: imamu wa mtaa, mkunga, nyumba kumi, mwalimu wa madrasa. Na kupimwa kusiwe adhabu. Mgonjwa apewe chakula cha nyumbani kwake wakati wa kujitenga, na siri yake ihifadhiwe.

Kwetu sisi, ujumbe ukija kwenye simu kuhusu dawa au ugonjwa, tuulize matatu kabla ya kuutuma mbele. Aliyeanza kuusema ni nani, si aliyenitumia? Mbona wanihimiza haraka hivi? Na nikiungoja mpaka asubuhi nikamuuliza muuguzi wa zahanati, nitapoteza nini?

Na ukiona vipele usivyovijua juu ya mwili wako au wa mtoto, nenda zahanati mapema, ufunike vipele, utumie shuka zako peke yako. Akiwa ni jirani, usimtangaze. Mpelekee maji na chakula mlangoni, umuulize hali kwa simu. Akijua hatachekwa, naye atasema mapema, na sote tutakuwa salama zaidi, inshallah.