Mbona mashine huzimika siku ya mawimbi?

Kila mwaka kusi ikishika kasi, husikia mabarazani habari ile ile: nahodha fulani kazimikiwa na mashine, tena pale pale penye mawimbi. Mmoja husema ni kudura, wengine huitikia. Kudura hatuikatai. Lakini sababu yenyewe mara nyingi inaonekana kwa macho, nayo iko chini ya tangi la mafuta.

Nililijua hili kwa kutaabika. Tulikuwa tukitoka Kizingitini kurudi Amu katika mashua ya ami yangu, abiria kumi na mmoja, mmoja wao mama mjamzito anayekwenda hospitali. Wakati wa kusi, anayetoka upande wa Pate kwenda Amu upepo humjia usoni, na kubisha kwa tanga kungetumalizia siku. Basi tulikuwa tukienda kwa mashine, tuwahi Mkanda kabla maji hayajatoka sana, maana yakishakupwa chombo kilichojaa hakipiti. Tulipofika baina ya Pate na Manda, ambapo mawimbi ya bahari kuu huingia ghubani, mashine ikapunguza mlio, ikapanda, ikashuka, ikazima.

Ami akatupa nanga. Mimi, na diploma yangu ya ufundi wa mitambo, nikakimbilia kukagua nyaya za betri. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, dizeli ikishawaka haina haja na betri. Fungua filta." Nikaifungua. Ndani mlikuwa na utelezi mweusi kama kamasi.

Mashine ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina plagi. Huvuta hewa ndani ya silinda ikaibana mpaka ibaki kama sehemu moja kwa ishirini ya nafasi yake ya mwanzo. Hewa iliyobanwa hivyo hupata moto wa nyuzi zaidi ya 500, na hapo nozeli hupuliza dizeli kama ukungu, ikajiwakia yenyewe. Ndiyo maana mashine hizi ndogo za silinda moja au mbili ni ngumu kufa: zikipata hewa na mafuta safi, zitanguruma hata betri ukiitupa baharini. Lakini pampu ya mafuta na nozeli zimetengenezwa kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Tone la maji au chembe ya uchafu huzikwaruza, na nozeli si kitu cha kununua kwa pesa za samaki wa siku moja.

Sasa tazama tangi. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini. Huingia kwa mitungi tunayonunulia mafuta, kwa kifuniko kibovu, na kwa jasho la tangi lenyewe: likikaa nusu tupu usiku, hewa ya ndani hupoa ikaacha matone. Pale maji yanapokutana na dizeli humea vijidudu, nao ndio ule utelezi niliouona. Bahari ikiwa shwari, uchafu hulala chini na mashine huenda mwaka mzima bila shida. Likija wimbi, tangi husukwasukwa kama mtindi kibuyuni, uchafu wote huinuka na kuziba filta kwa dakika chache. Kwa hiyo mashine haikuzimika kwa bahati mbaya siku ya mawimbi. Ilikuwa ikiingojea siku hiyo.

Dawa yake haina gharama kubwa. Mtungi wa dizeli uache utulie usiku kucha, umimine polepole kupitia chujio lenye wavu mwembamba au kitambaa kizito, na ile robo ya chini usiitie tangini. Jaza tangi kabla ya kukiacha chombo. Kama tangi lina koki chini, ifungue kila baada ya muda utoe maji mpaka ione dizeli tupu. Na filta ya akiba iwe chomboni, si nyumbani kabatini kama ilivyokuwa yetu.

Ukishabadilisha filta, mashine haitawaka mpaka uitoe hewa. Sisi tuliisafisha ile ile kwa dizeli safi kidogo tuliyokuwa nayo, tukairudisha. Ami akalegeza nati iliyo juu ya filta, nami nikawa napampu kwa ule mkono mdogo wa pampu. Kwanza hutoka povu, kisha mafuta yenye mapovu, kisha mafuta matupu. Hapo ndipo unakaza. Akafanya vivyo kwenye pampu ya nozeli. Bismillahi, ikawaka. Mama yule tulimfikisha Amu kabla ya magharibi, alhamdulillahi.

Tahadhari moja ambayo hata mafundi huisahau. Kama mashine yako hutoa maji ya kupozea pamoja na moshi katika bomba moja, na umeisukuma kwa stata mara nyingi bila kuwaka, funga koki ya maji ya bahari. Pampu ya maji huzunguka kila unapostati, lakini moshi haupo wa kuyatoa nje. Bomba hujaa, na mwisho maji ya chumvi hurudi ndani ya silinda. Mashine iliyoshindwa kuwaka kwa sababu ya hewa tu ikageuka chuma chakavu. Ukiwaka, fungua koki mara moja.

Na kila ukiwasha, kabla hujang'oa nanga, inama uangalie bomba linatema maji. Halitemi? Zima. Pampu ile ina kipande cha mpira chenye mapezi, kiitwacho impela, na kikizunguka kikavu hukatika kwa muda mfupi sana. Mara nyingi kilichoziba ni mwani au mfuko wa nailoni.

Oili ni jambo jepesi: ipime kila safari, ibadilishe kila saa 100 hivi au kama kitabu cha mashine kinavyosema. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ile ya zamani usiimwage mikokoni, tafadhali. Kaa na kamba wetu hukulia humo. Moshi nao husema. Mweusi, mashine imebebeshwa kupita kiasi, au inakosa hewa, au rafadha imeota chaza. Wa buluu, inaunguza oili. Mweupe usiokwisha, ni dizeli isiyoungua au maji.

Lililobaki ni ugomvi wangu na vijana. Siku hizi mtu akifunga mashine hung'oa mlingoti, eti unaziba nafasi ya mizigo. Ami hakuung'oa wake. Siku ile, kabla hata sijafungua filta, alikwisha amuru tanga litayarishwe: filta isiposafika, tungetweka na kurudi demani mpaka Mtangawanda, mama yule atafutiwe chombo kingine. Boti isiyo na mlingoti pale ingebaki na nanga yake tu, na maji yanatoka.