Mwani Unaosumbua Katika Tangi la Samaki: Kuutambua na Kuudhibiti

Usanisinuru umeshausoma, na mzunguko wa naitrojeni pia. Mada hii inayakutanisha yote mawili ndani ya tangi moja la kioo. Watahiniwa huiona nyepesi kwa sababu kila mtu amewahi kuona maji ya kijani. Wakiulizwa kwa nini dawa inayoua ukijani huo huua na samaki, wengi huacha nafasi wazi kwenye karatasi.

Kwanza neno lenyewe. Mtu wa pwani akisikia mwani hufikiria ule unaolimwa Paje na Jambiani kwa kamba na vigingi. Hapa tunalitumia kwa maana pana zaidi: viumbe wote wadogo au wakubwa wa majini wanaojitengenezea chakula kwa mwanga lakini hawana mizizi, shina wala majani ya kweli.

Tuchukue njia ya zamani ya misafara kama mfano wetu. Ilianza Bagamoyo, ikapita Tabora, kisha ikagawanyika: tawi moja lilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, lingine magharibi hadi Ujiji. Burton na Speke walifika Ujiji kwa njia hiyo mwaka 1858. Wanahistoria huitaja kwa pembe za ndovu na watumwa, lakini mwanafunzi wa biolojia aone jambo lingine: ncha zake zote mbili ni miamba yenye samaki wala mwani. Pwani kuna matumbawe, ambako pono na tasi (Unguja humwita chafi) hukwangua na kung'ata mwani mchana kutwa. Ujiji na Kigoma kuna mawe ya Ziwa Tanganyika, ambako samaki wa jenasi Tropheus hufanya kazi hiyo hiyo kwa meno yaliyopangwa kama brashi. Samaki hawa ni wadogo, wana rangi za kuvutia, na wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia huwanunua kwa ajili ya matangi ya mapambo.

Sasa linganisha mwamba na tangi. Penye matumbawe, wavuvi wakiwamaliza pono na tasi, mwani huota mpaka ukayafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Kigoma, ng'ambo kidogo ya ufuko, maji huwa maangavu kiasi cha kuona mawe mita nyingi chini, kwa sababu chakula cha mwani ndani ya maji ni kidogo na walaji wake ni wengi. Ndani ya tangi mambo hugeuka. Mfugaji hutia chakula kila siku, kinyesi hakina pa kwenda, taa huwaka mpaka usiku, na walaji ni watano au sita tu. Kwa hiyo kumbuka vitu vitatu: mwanga, virutubisho (hasa naitreti na fosfeti), na walaji. Mlipuko wowote wa mwani hueleweka kwa kuangalia ni kipi kimezidi na kipi kimepungua.

Kutambua aina

Usianze kutibu kabla hujajua unatibu nini. Tangi jipya, katika wiki za mwanzo, mara nyingi hupata vumbi la kahawia kwenye kioo na mawe. Huo ni mwani wa dayatomu, ambao kuta za seli zake zina silika. Ukipitisha kidole unafutika mara moja. Hauhitaji dawa: silika ikipungua na bakteria wa tangi wakikomaa, huondoka wenyewe.

Maji yenyewe yakiwa kijani kama mchuzi wa mlenda, tatizo ni mwani wa seli moja unaoelea. Hapa wanafunzi huchanganya na tope. Teka maji katika glasi angavu, yaache yatulie hadi kesho yake. Tope litazama na kuacha maji safi juu. Maji yenye mwani huo yatabaki na ukijani wake. Kichujio cha kawaida hakiunasi kwa sababu seli zake ni ndogo mno.

Mwani wa nyuzi ni rahisi kuujua. Chomeka kijiti, zungusha, vuta: utatoka umening'inia kama nywele zilizolowa. Huonyesha kwamba naitreti na fosfeti zimejaa.

Wa nne ndio wa kuogopwa, na kwa hakika si mwani. Ni utando wa rangi ya kijani-buluu (katika matangi ya maji ya chumvi huwa mwekundu kama damu iliyoganda), unaobanduka kama karatasi na kunuka uvundo wa udongo. Kijiti hakitoki na nyuzi, hutoka kama kilichochovywa kwenye rangi. Hawa ni sayanobakteria: seli zao hazina kiini chenye utando, kwa hiyo wamo katika himaya ya Monera pamoja na bakteria wengine. Hupenda sehemu ambayo maji hayatembei na uchafu umetuama. Baadhi yao hutoa sumu. Katika Ziwa Victoria, hasa Ghuba ya Winam upande wa Kisumu, hufunika maji kama rangi iliyomwagika, na sumu yao iitwayo maikrosistini hushambulia ini. Kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Mtahini hulipenda swali hili kwa sababu tumezoea kudhani kuchemsha kunamaliza kila kitu.

Kudhibiti

Anza na mwanga. Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, na tangi lisikae dirishani. Kwa Tabora jambo hili si dogo: miezi ya kiangazi mawingu ni machache, na jua la asubuhi peke yake linatosha kulisha mwani hata kama taa imezimwa. Maji ya kijani hutibika vizuri kwa kulifunika tangi zima kwa blanketi siku 3 huku pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote.

Kisha virutubisho. Lisha kiasi ambacho samaki watakimaliza ndani ya dakika 2 au 3. Mwani wa nyuzi utoe kwa mkono, utando uvute kwa mpira mdogo, halafu badilisha maji. Hesabu yake huulizwa. Tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana 40 na kina 50 lina sentimita za ujazo 200,000, yaani lita 200. Asilimia 20 ni lita 40, ndoo mbili kubwa. Naitreti ikiwa miligramu 40 kwa lita, na maji mapya hayana naitreti, badiliko la kwanza huishusha hadi 32, la pili 25.6, la tatu 20.5 hivi (tukichukulia kwamba hakuna inayoongezeka katikati). Mbona tusimwage yote siku moja? Kwa sababu samaki hawavumilii badiliko la ghafla la joto na la pH. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza kwenye ndoo wazi kwa saa 24. Sponji ya kichujio isuuze kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba, la sivyo klorini itaua bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na hatimaye naitreti.

Kuhusu pH, samaki wa Ziwa Tanganyika wana shida yao ya pekee. Ziwa hilo lina pH karibu na 9. Amonia majini huwa katika sura mbili, na sura yenye sumu kali huongezeka pH inapopanda. Kwa nyuzi joto 25, pH ikiwa 7 sura hiyo haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Ikiwa 9 hufika karibu asilimia 36. Mwani mwingi hufyonza kabonidioksidi mchana na kuipandisha pH zaidi. Kiasi kile kile cha kinyesi ambacho perege angekivumilia katika maji ya pH 7, kinaweza kumuua Tropheus.

Walaji husaidia, ila usiwategemee. Konokono na samaki wakwanguaji hupunguza mwani wa mawe, lakini utando wa sayanobakteria wengi wao huupita. Kila samaki unayemwongeza huongeza pia kinyesi.

Mwisho kabisa ndipo tuitaje dawa. Mrututu huua mwani, ni kweli. Huua na konokono, na katika tangi la matumbawe huua karibu kila kiumbe asiye na uti wa mgongo. Hata kipimo kikiwa sahihi, mwani wote ukifa kwa pamoja huoza, na bakteria waozeshaji hutumia oksijeni. Naitreti na fosfeti zilizokuwa ndani ya mwani hurudi majini kuulisha mwani utakaofuata.

Swali la kujipima

Klabu ya sayansi ya shule moja mjini Tabora ilipokea samaki 12 waliosafirishwa kwa treni kutoka Kigoma. Tangi liliwekwa kwenye dirisha linalotazama mashariki. Baada ya wiki 6 maji yalikuwa kijani. Ijumaa jioni samaki walikuwa wazima. Usiku umeme ulikatika, na Jumamosi saa 12 asubuhi samaki 9 walikuwa wamekufa. (a) Eleza chanzo cha vifo. (b) Mwanafunzi mmoja anashauri kutia mrututu mara moja ili kuwaokoa watatu waliobaki. Toa hoja.

Majibu: (a) Mchana mwani hutoa oksijeni nyingi kuliko inayotumiwa. Usiku usanisinuru husimama, lakini mwani, samaki na bakteria wote huendelea kupumua, hivyo oksijeni hushuka hadi kiwango cha chini kabisa kabla ya mapambazuko. Umeme ulipokatika pampu ya hewa ilizimika, na hapakuwa na kitu cha kufidia. Anayeandika "mwani ulitoa sumu" hapati alama, kwa kuwa swali halikutaja utando wala uvundo.

(b) Ushauri huo ungewaua na hao watatu, kwa sababu mwani unaooza ungepunguza oksijeni iliyobaki. Cha kufanya asubuhi ile ni kuwatoa samaki waliokufa kabla hawajaanza kutoa amonia, kubadilisha robo ya maji kwa maji yaliyotuama, na kuyatikisa maji kwa mkono au kuyachota kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mpaka umeme urudi. Kisha tangi lihamishwe dirishani.