Panya Shamba: Jinsi Azaavyo na Akuavyo

Ndugu mkulima wa Lufingo, panya shamba hashindwi na mtu asiyejua hesabu ya uzazi wake. Shambani hesabu hiyo haionekani, maana jike hujificha shimoni na watoto wake. Lakini wataalamu wamemfuga vizimbani, na kwetu Tanzania kazi hiyo imefanywa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Jike hubeba mimba siku 23 hivi, na mara nyingi huzaa watoto kumi au zaidi. Usiulize atawanyonyeshaje, panya huyu huweza kuwa na chuchu hata 24! Watoto huzaliwa vipofu, bila manyoya, wenye uzito wa gramu 2 hivi. Baada ya majuma mawili hivi macho hufumbuka, na wakitimiza majuma matatu huacha ziwa. Jike aliyeshiba vizuri huweza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne.

Basi, hesabu. Jike mmoja akizaa kumi, na nusu yao wakawa majike, hao watano wakizaa kumi kumi, umepata panya 50 wengine. Bundi, paka na njaa watawapunguza, lakini mbegu yako haiwezi kungoja.

Jambo kubwa ni chakula. Panya waliozaliwa mvua zikielekea kwisha hukua polepole, wala hawazai mpaka mvua irudi na majani machanga yaote. Kiangazi kirefu cha Morogoro huwazuia hivyo. Rungwe yetu ina mvua nyingi, kwa hiyo usitegemee kiangazi kikufanyie kazi.

Wapige wakiwa wachache, kabla ya kupanda. Fyeka vichaka na majani ya kandokando ya shamba, kisha tega mitego siku moja na jirani zako. Ukitega peke yako, panya wa jirani watahamia kwako. Ukiisha kupanda, endelea kutega kwa majuma mawili ya kwanza, maana ndipo wanapofukua mbegu na kula miche. Ukitaka kutumia sumu, mwone Bwana Shamba kwanza.

Watoto wa nyumbani wasimshike wala kumfuga panya huyu, maana hueneza magonjwa kwa viroboto na mkojo wake. Wale wanaofunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini ni panya buku, mnyama mwingine kabisa, na jike wake huzaa watoto wachache tu.