Kompyuta imeibwa: kundi la WhatsApp lisaidie vipi?

Matangazo mengi ya wizi wa kompyuta yanayotufikia studio yako hivi: "Laptopu nyeusi imeibwa, atakayeiona apige namba hii." Tunalisoma hewani, linasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Masasi hadi Newala, kisha kimya. Si kwamba watu hawajali. Laptopu nyeusi zimejaa kila mahali, stationari, shuleni na ofisi za AMCOS. Anayeletewa moja anunue atajuaje kuwa ndiyo hiyo?

Simu ina ahueni. Kila simu ina namba ya IMEI, unaiona ukibonyeza *#06#, na ikiibwa unaweza kutoa taarifa polisi na kwa kampuni ya laini yako ili ifungiwe. Mnakumbuka TCRA ilivyozima simu bandia usiku wa Juni 16, 2016. Ilitumia namba hizohizo. Kompyuta haina mtambo wa namna hiyo. Macho ya watu ndiyo yanayobaki.

Na macho ya watu yanaweza kufanya kazi. Mwaka 2012 vyombo vya habari viliandika habari za Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, karibu na Nakuru nchini Kenya, aliyekuwa akiwaarifu wakazi wake kupitia Twitter. Wasio na simu janja walipata ujumbe kwa SMS. Alfajiri moja wezi walivamia nyumba, chifu akatuma ujumbe, majirani wakatoka, wezi wakakimbia. Siku nyingine alipotea kondoo. Chifu alitaja rangi zake mbili, kamba ya nailoni iliyokuwa shingoni, na mwenyewe ni nani. Kondoo akapatikana. Aliyemwona hakuwa na haja ya kubahatisha.

Kwa kompyuta, kamba ya shingoni ni namba ya mashine. Imebandikwa au kuchapwa chini ya kompyuta, wakati mwingine ndani penye betri, na huwa ipo pia kwenye boksi. Ipige picha leo, pamoja na risiti, kisha umtumie ndugu yako, maana ukiiweka ndani ya kompyuta hiyohiyo itaondoka nayo. Piga picha pia mikwaruzo, stika, na kitufe kilichong'oka.

Ikiibwa, anza polisi upate RB. Halafu andika tangazo: aina ya kompyuta, alama mbili tatu zinazoonekana, imeibwa wapi na lini, namba ya RB. Alama moja ibakize moyoni. Matapeli nao wamo kwenye makundi, na atapiga mtu aseme, "Ninayo hapa Nachingwea, tuma elfu ishirini ya nauli." Muulize ile alama. Akibabaika, kata simu.

Tangazo lipeleke panapostahili. Kundi la harusi halitakusaidia sana. Laptopu yenye nywila huishia kwa fundi, na iliyoibwa bila chaja humlazimisha aliyenayo kutafuta chaja. Kwa hiyo mafundi, wauza vifaa, wenye stationari na bodaboda wa stendi ndio wa kwanza kuambiwa. Kama ulishawasha huduma ya kutafuta kifaa, ingia kwa simu uangalie, ingawa kwa kawaida huonyesha mahali kompyuta ilipo pale inapoingia intaneti.

Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2011 mtu mmoja aliyekuwa Kanada aliona kwa programu ya namna hiyo kwamba kompyuta yake iko New York. Akaandika mtandaoni, na watu wasiomjua wakaenda kuifuata na kuirudisha. Iliishia vizuri, lakini sisi hatushauri kabisa. Hapa kwetu mtu akiitiwa mwizi sokoni, mawe hutangulia maswali, na aliyeishika anaweza kuwa mwalimu aliyeinunua juzi bila kujua. Picha ya mtu mwenye neno "mwizi" usiirushe kwenye kundi. Ukikosea, umeharibu jina la mtu na unaweza kujikuta matatani kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kundi lionyeshe kompyuta ilipo, kwenda kuichukua waachiwe polisi.

Nanyi wanunuzi, msimu wa korosho fedha zikiingia, laptopu za bei ya kutupa nazo huonekana. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na hata kama hukujua, kompyuta itachukuliwa na fedha yako imekwenda. Mwombe muuzaji risiti na nywila, aifungue mbele yako. Kama hana, mwambie mkaandikishane kwa mtendaji wa kijiji, na vitambulisho mkononi. Mwenye mali yake halali atakuja.