Si kila “-eli” ni Mungu

“Mwalimu, shikamoo. Nina Danieli na Gabrieli, na wa tatu yuko njiani. Nitafutie jina linaloishia na -eli, lisiwe la kila mtu, maana hayo yote yana Mungu ndani yake.” Ujumbe wa namna hii hunijia mara kwa mara, na siku zote nimeujibu kwa upole. Leo naujibu hadharani, kwa sababu upole haujasaidia. Kutaka majina ya ndugu yafanane mwisho si kosa hata kidogo. Kosa limo katika maneno yale ya mwisho.

Danieli na Gabrieli kweli yamebeba El, jina la kale la Mungu katika Kiebrania. Danieli ni “Mungu ni mwamuzi wangu”, Mikaeli ni “nani aliye kama Mungu?”, Nathanaeli ni “Mungu ametoa”. Hapo hatugombani. Kinachotupoteza ni masikio. Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti, kwa hiyo kila jina la kigeni lililokomea kwenye -el tumelitia i, yakaja kusikika kama watoto wa baba mmoja.

Kiebrania hakiyachanganyi. Danieli huishia na herufi mbili, alefu na lamedi, na hizo mbili kwa pamoja ndizo El. Sasa mtazame Abeli, ambaye Biblia ya Union humwita Habili. Jina lake ni he, beti, lamedi. Alefu haipo. Maana yake ni pumzi au mvuke, kitu kipitacho. Neno hilohilo ndilo linalosomeka “ubatili” katika kitabu cha Mhubiri. Raheli ni reshi, heti, lamedi: kondoo jike. Ni jina zuri la mke ambaye Yakobo alimtumikia mkwewe miaka kwa miaka ili ampate, lakini halimtaji Mungu popote. Na Yezebeli je? Alefu anayo, ila imekaa mwanzoni. Mwisho wake ni beti na lamedi tu. Tena huyo alikuwa binti wa mfalme wa Wasidoni, mtetezi mkuu wa Baali. Kama -eli peke yake ingetosha, yeye naye angehesabiwa miongoni mwa waliotajiwa Mungu katika majina yao.

Ukitoka nje ya Kiebrania, hali ni hiyohiyo. Anjeli ni Kigiriki, mjumbe. Noeli imetufikia kupitia Kifaransa, na asili yake ni neno la Kilatini la kuzaliwa. Akseli ni Absalomu aliyepitia Skandinavia. Marseli ni Kilatini, tawi la jina Marko, ambalo kwa kawaida huhusishwa na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Mzazi aliyelichagua ili kumtukuza Mungu wa Ibrahimu amebisha mlango wa jirani. Waislamu nao wasidhani wamesalimika. Ismaili ana uhusiano na El, lakini Khalili, Jamili na Nabili ni Kiarabu kitupu: rafiki wa dhati, mzuri, mtukufu. Hiyo -il yao ni umbo la neno tu.

Kosa hili lingeishia kwenye maana ya majina, nisingepandisha sauti. Limezaa imani nyingine, kwamba -eli ni kinga. Wazazi wanaambiwa kuwa Shida, Tabu na Masumbuko, au jina la bibi mzaa baba, linavuta mikosi, na kwamba dawa ni kumpa mtoto jina jipya lenye Mungu mwishoni. Mtoto anashikwa na degedege, familia inakaa kujadili jina. Naomba nieleweke vizuri: degedege ni jambo la hospitali, saa hiyohiyo. Hakuna silabi inayoshusha homa. Anayechukua pesa ya mzazi kwa kubadilisha jina la mtoto mgonjwa anamwibia pesa na muda, na muda ndio usiorudishika.

Biblia yenyewe inaikanusha imani hiyo. Hazaeli ni El halisi, alefu na lamedi, “Mungu ameona”. Soma Wafalme wa Pili, sura ya 8. Nabii Elisha alimkazia macho kisha akalia, kwa kuwa alijua atakayowatendea Waisraeli, hata wajawazito na watoto wachanga. Kesho yake Hazaeli akachukua tandiko, akalichovya majini, akamfunika nalo uso bwana wake mgonjwa mpaka akafa, akakikalia kiti chake. Asaheli, “Mungu amefanya”, mpwa wa Daudi, alisifiwa kwa mbio kama paa, na aliuawa angali kijana kwa mkuki wa Abneri. Mishaeli, mwenzake nabii Danieli, naye alinyang’anywa -eli yake kule Babeli akaitwa Meshaki. Ni kwa jina hilo la kupachikwa alitupwa katika tanuru, na ni kwa jina hilo alitoka mzima. Anayehubiri kinga ya -eli na azisome habari hizi tatu kwanza.

Wazee wa kaskazini mwa Tanzania walilielewa jambo hili vizuri kuliko sisi. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na familia za Wachaga, Wapare na Wameru zikaichukua El zikaisemesha maneno yao: Elirehema, Elipendo, Elibariki, Elinami. Mungu hapo yuko mwanzoni, na maana inasikika kwa yeyote anayejua Kiswahili. Kwa anayetaka iwe mwishoni, yupo Aikaeli: aika ni ahsante kwa Kichaga, basi jina zima ni shukrani kwa Mungu. Wengi mmelisikia katika jina la Freeman Aikaeli Mbowe. Jina la namna hiyo linazidi kwa mbali yale ya kuokota silabi ya baba na silabi ya mama kisha kugongomea -eli.

Haya, mama wa Danieli na Gabrieli, chagua. Besaleli, “katika kivuli cha Mungu”, fundi mkuu wa hema ya kukutania. Gamalieli, “Mungu ni thawabu yangu”, mwalimu wa Paulo. Shelumieli, “Mungu ni amani yangu”. Malkieli, “Mungu ni mfalme wangu”. Fanueli, “uso wa Mungu”, baba yake nabii Anna. Akiwa binti, Mehetabeli, “Mungu hutenda mema”, yumo katika Mwanzo 36, na El yake ni ya kweli ingawa mwisho wake unafanana na wa Yezebeli. Isabela pia inafaa: imetokana na Elisabeti, jina ambalo El yake iko mwanzoni. Ukishachagua, andika kwa tahajia moja kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na cha ubatizo, usije ukahangaikia hati za kiapo mtoto akifika shule.

Na kama moyo wako uko kwa Raheli au Abeli, mpe mtoto jina hilo bila hofu. Mpeleke kliniki, mpe chanjo zake zote kwa tarehe zake, na anayekuambia jina lake lina mkosi usimpe hata senti moja.