Dawa ya Msuli Haiingii Kwenye Mshipa

Oktoba 1996, katika hospitali moja ya eneo la Denver, Marekani, alizaliwa mtoto mwenye afya njema ambaye mama yake aliwahi kutibiwa kaswende. Madaktari hawakuwa na uhakika kama matibabu yale ya mama yalikamilika, hivyo wakaamua mtoto naye atibiwe mapema. Likaandikwa agizo: benzathini penisilini, uniti 150,000, sindano ya msuli. Mfamasia akasoma 1,500,000.

Dozi sahihi ilikuwa robo ya mililita. Iliyofika wodini ilikuwa mililita 2.5, na msuli wa kichanga haupokei zaidi ya nusu mililita kwa mchomo mmoja. Yaani mtoto mchanga kiasi hicho achomwe mara tano. Wauguzi wakamhurumia. Wakatafuta kama dawa ile inaweza kupitishwa kwenye mshipa wa damu, na maelezo waliyoyapata yakawafanya waamini kuwa inawezekana. Lakini penisilini inayoruhusiwa kupita huko ni nyingine. Kabla dawa haijaisha bombani mtoto alizidiwa, na hakuokolewa.

Wengi wetu hudhani penisilini ni penisilini tu. Benzathini, ikishachanganywa, ni nyeupe kama maziwa kwa sababu haijayeyuka: ni chembechembe ndogo sana zinazoelea majini. Ikichomwa ndani kabisa ya msuli hukaa hapo na kuachia dawa kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mtu mzima mwenye kaswende changa hutibiwa kwa dozi moja ya uniti milioni 2.4, ambayo kwa kawaida hugawanywa makalio mawili, na mtoto ambaye moyo wake umeathiriwa na homa ya baridi yabisi hurudi kuchomwa kila baada ya wiki tatu au nne. Chembechembe hizohizo zikiingia kwenye mshipa husafiri na damu hadi kwenye moyo na mapafu, na moyo unaweza kusimama.

Penisilini kristali, ile ambayo wodi zetu nyingi huiita X-pen, huyeyuka yote na kubaki maji maangavu. Hiyo hupita mshipani bila tatizo, lakini mwili huitoa upesi, kwa hiyo mgonjwa huipata kila baada ya saa nne au sita. Kabla ya kuchanganywa, zote mbili ni unga mweupe ndani ya kichupa. Daktari akiandika “penisilini, sindano” akaishia hapo, hajaagiza kitu. Agizo kamili lina jina lote la dawa, kiasi chake, njia, mara ngapi na kwa siku ngapi, pamoja na sahihi ya aliyeandika. Njia ina uzito uleule wa dozi, na muuguzi hana ruhusa ya kuibadilisha, hata kwa huruma.

Ninachokiona mimi katika mkasa wa Denver ni kwamba ile michomo mitano ndiyo iliyokuwa kengele. Dawa inapokuwa nyingi kuliko mwili wa mgonjwa unavyoweza kupokea, kinachotiliwa shaka kwanza ni dozi, na simu ipigwe kwa aliyeagiza. Wauguzi watatu walishtakiwa. Mmoja aliyefikishwa mahakamani aliachiwa huru mwaka 1998, baada ya wataalamu kuonyesha kasoro zaidi ya 50 katika mfumo mzima, kuanzia agizo hadi maandishi ya onyo kwenye bomba, ambayo hayakuonekana vizuri.

Na sisi wagonjwa tuna sehemu yetu. Nimewasikia watu wengi wakimbembeleza nesi: “Nichome ya mshipa, inafanya kazi haraka.” Kweli ni haraka, na kwa malaria kali haraka hiyo huokoa maisha. Lakini iliyoingia mshipani hairudi nyuma, na kwa dawa kama benzathini ucheleweshaji ndio tiba yenyewe. Mtu anayeweza kumeza, na ambaye hatapiki, mara nyingi kidonge kinamtosha kabisa.

Wodini, mambo machache yanasaidia kuliko hotuba ndefu. Neno “uniti” liandikwe lote, kwa sababu herufi U ikibanwa na tarakimu husomeka kama sifuri, na uniti 4 zikawa 40. Nusu iandikwe 0.5, isianze na nukta. Agizo la simu usiku wa manane liandikwe papo hapo kisha lisomwe kwa sauti, tarakimu moja moja, “moja, tano, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri”, mpaka daktari wa upande wa pili aseme ndiyo. Dozi ya kichanga ikokotolewe na wauguzi wawili, kila mmoja peke yake, wasitazamiane karatasi. Na mama akiuliza, “Sista, hii ni ya msuli au ya mshipa?” ajibiwe huku akionyeshwa kichupa.