Vidonge vya Usubi na Deni la Jirani

Mito ya Rungwe haina utulivu. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kuelekea Ziwa Nyasa, ikigonga mawe na kutoa povu, na penye povu ndipo nzi usubi hutaga mayai. Ni mdogo, mweusi, mwenye kibyongo, na huuma mchana, watu wakiwa shambani au wakifua mtoni. Ndiyo maana Tukuyu, huko Rungwe, imo katika maeneo ya Tanzania yenye ugonjwa wa usubi, pamoja na Mahenge na Ruvuma.

Nzi huyo hubeba minyoo. Mnyoo jike hujificha kwenye kinundu chini ya ngozi, huishi miaka 10 hadi 15, na kila siku huzaa vitoto kwa mamia. Vitoto hivyo husambaa ngozini na kuleta mwasho unaomkosesha mtu usingizi. Vikifia ndani ya jicho huacha makovu, na makovu yakizidi mtu hupofuka. Afrika Magharibi, kabla ya dawa, watu walihama mabonde yenye rutuba na watoto wakawaongoza wazee wao kwa fimbo.

Dawa ilitoka kwenye udongo. Miaka ya 1970 Satoshi Ōmura wa Japani alipata bakteria katika udongo uliochukuliwa karibu na uwanja wa gofu. Huko Marekani, William Campbell wa kampuni ya Merck akaonyesha kwamba kemikali ya bakteria hao huua minyoo ya wanyama. Humo ikazaliwa ivermectin, na mwaka 2015 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel. Tangu 1987 Merck huitoa bure kwa ajili ya usubi.

Rungwe imekuwa ikipata kingatiba hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mgawa dawa ni mwanakijiji mwenzako. Hahitaji mizani, anatumia fimbo yenye alama: asiyefikia sentimita 90 hapewi, mwenye 159 na zaidi humeza vidonge 4. Mjamzito na mgonjwa mahututi husubiri.

Sasa, kwa nini kila mwaka? Kwa sababu dawa huua vitoto lakini mama yao hubaki hai. Humzuia kuzaa kwa miezi kadhaa tu, kisha huanza tena. Anayemeza mwaka huu na kuruka mwakani amempa nafasi. Wengine hukataa kwa kuwa mara ya kwanza waliwashwa au kuvimba. Mara nyingi huo ni mwili unaopambana na vitoto vilivyokufa, na hupoa baada ya siku chache. Mwasho au uvimbe ukizidi, zahanati ipo.

Tumezoea kusema kila mtu awajibike kwa afya yake. Kwa usubi hilo halitoshi, maana nzi akimuuma aliyekataa dawa, minyoo huipeleka kwa jirani. Anayekataa anamkopea mwenzake ugonjwa. Na deni lenyewe halilipiki: hakuna bima inayorudisha jicho lililoharibiwa na usubi.

Mgawa dawa akifika kwako, simama kwenye fimbo, meza vidonge mbele yake, na umwambie nani nyumbani hakuwepo ili arudi.